Chai ya Mama Furaha na Muswada Uliokufa Mara Mbili

Njeri, aliyeendesha ofisi yangu kwa miaka kumi na tisa, ndiye aliyeniamuru niandike haya. Anasema vijana wa kwetu wanaoajiriwa kwenye ofisi za wajumbe, pamoja na wawili watatu wanaowaza kugombea, humpigia simu yeye kuuliza mambo ambayo mimi ndiye ninayepaswa kuyajibu. Yeye sasa ana wajukuu wa kulea.

"Mhesh, wewe umestaafu, na mimi nimechoka," aliniambia. "Si uandike tu."

Basi naandika.

Kwanza niliondoe jambo ambalo ndugu zangu wa Singida hawajalielewa mpaka leo. Sikuwa mbunge wa taifa, wala sikuwahi kuwa na ofisi kule Washington. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na hili letu la Maryland, ambalo wabunge wake huitwa wajumbe, hukaa Annapolis siku tisini kila mwaka, kuanzia Januari mpaka Aprili. Siku zilizobaki mjumbe anatarajiwa kuwa na kazi kama binadamu wengine. Nilipochaguliwa mara ya kwanza, kaka yangu mkubwa alinipigia akitaka kujua kama nimeshamwona Rais. Nikamwambia nimeuona msafara wake, umefunga barabara na kunichelewesha dakika arobaini. Akauliza nina walinzi wangapi. Nikamwambia nina gari ambalo mlango wa abiria haufunguki kwa nje, na huo ndio ulinzi wangu.

Kazi yangu ya kawaida ilikuwa kuendesha basi la shule, upande wa Landover na vitongoji vyake. Watu hufikiri siasa huanzia kwenye chuo cha sheria. Yangu ilianzia kwenye vituo vya basi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wazazi wakinilalamikia kuhusu mambo ambayo dereva hana uwezo nayo: darasa lenye watoto wengi, mtaro uliofurika, zahanati iliyofungwa. Siku moja mama mmoja akaniambia, "Zakayo, unasikiliza vizuri kuliko wale tunaowachagua." Nadhani alikuwa anatania, lakini mimi nililichukua na kuondoka nalo. Nilipogombea, wenzangu walibeba vitabu vya ramani. Mimi nilijua kila mlango kwa sababu nilishawahi kupiga honi mbele yake.

Siku ya kwanza Annapolis nilivaa suti niliyofungia ndoa. Nikapotea ndani ya jengo, nikaingia chumba kimoja, nikakaa kwenye kiti kizuri chenye mikono. Nikawa natabasamu mpaka aliponijia mama mmoja mrefu, mwenye mvi na miwani iliyoning'inia kwa mnyororo.

"Wewe ni mgeni," alisema.

"Ndiyo, mama. Umejuaje?"

"Hicho ni kiti cha mwenyekiti wa kamati. Na mwenyekiti wa kamati ni mimi."

Huyo alikuwa Bi Odessa, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa kaunti yetu, ambaye babu zake walilima tumbaku ya watu wengine katika ardhi hiyohiyo aliyokuja kuiwakilisha. Badala ya kunifukuza alinionyesha kiti changu, kilichokuwa nyuma kabisa karibu na bomba la joto, na tangu siku hiyo akawa mwalimu wangu. Hakuwa mpole. Mwaka wangu wa kwanza aliniruhusu kuzungumza ukumbini mara mbili tu, na mara ya pili alisema afadhali ningeishia ya kwanza.

Alinifundisha kusoma muswada. Kwetu maneno mapya ya sheria huandikwa kwa herufi kubwa, na yanayofutwa hutiwa ndani ya mabano. "Wageni husoma herufi kubwa," aliniambia. "Wewe anza na mabano. Mtu hukuonyesha anacholeta, anachoondoa hakutajii." Ushauri huo umeniokoa mara nyingi kuliko nitakavyokiri hapa. Alinifundisha pia kujua majina ya watu wanaofungua milango, wanaopiga deki na wanaochapa karatasi kabla sijajua majina ya viongozi. Mengine niliyajua mwenyewe: viatu pea mbili, kwa sababu sakafu za marumaru hazina huruma, karanga mfukoni, kwa sababu vikao vya kamati havijui chakula cha mchana, na daftari dogo la karatasi. Simu huzimika, na pia mpinzani akikuona unaandika kwa mkono hudhani una ushahidi.

Sasa kosa langu la kwanza, maana vijana hupenda kusikia makosa. Katika meza ya kila mjumbe kuna vitufe vya kupigia kura, kijani cha ndiyo na chekundu cha hapana. Muswada wangu wa kwanza kabisa ulipofika ukumbini nilisimama, nikaueleza kwa hisia nyingi, nikaketi, kisha nikabonyeza chekundu. Ubao mkubwa ukawaka. Wajumbe mia na thelathini na kitu walikuwa kijani, na jina langu peke yake lilikuwa jekundu, likiupinga muswada wa Zakayo.

Nilisahihisha kwenye kumbukumbu za bunge, lakini kicheko hakisahihishwi. Bi Odessa akaniinamia. "Usihuzunike, mwanangu. Angalau hakuna atakayesema umenunuliwa."

Njeri alikuja mwaka wangu wa nne. Alikuwa karani wa hospitali kule Rockville, Mkikuyu wa Nakuru, mwenye uwezo wa kuandika barua inayomfanya mkuu wa idara aombe radhi kabla hajajua kosa lake. Siku ya kwanza aliniuliza aniite nani. Nikamwambia Watanzania huniita Mheshimiwa, Wakongo huniita papa depite, yaani baba mbunge, na Wamarekani huniita Zak.

"Mimi nitakuita Mhesh," alisema. "Ni fupi, na ukinikasirisha naweza kuikata hapo kwa Mhe."

Kuna watu watakaowaambia kuwa kazi ya mjumbe ni kutunga sheria. Robo ya kazi ndiyo hiyo. Robo tatu ni kupokea simu ya mtu ambaye ameshazungushwa na ofisi nne, akafika kwako akiwa amechoka kuwa na adabu. Mmoja alitaka tumwamuru jirani yake aondoe jogoo. Mwingine, mzee wa Kizanzibari mwenye heshima zake, alipiga kila Ijumaa baada ya sala, hakuwa na shida yoyote, alitaka tu kujua "serikali imeamkaje". Njeri alimjibu kila wiki kwamba imeamka salama. Alipofariki, Ijumaa iliyofuata Njeri alikaa kando ya simu mpaka ofisi ikafungwa.

Lakini lile lililonifunza kazi kuliko yote lilihusu barabara moja ya njia sita pale Landover. Upande mmoja kuna kituo cha basi, upande wa pili kuna nyumba ya kutunzia wazee, na katikati hakukuwa na chochote ila magari. Taa ya kuvukia iliyokuwa karibu ilikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili, na ukishavuka unarudi dakika kumi na mbili nyingine. Akina mama wanaohudumia wazee, wengi wao Wakenya, Wakongo na Watanzania, walikuwa wanavuka palepale kwa kukimbia, ili wasichelewe zamu.

Mama Furaha alikuwa mmoja wao. Ni mtu wa Bukavu, mnene, mcheshi, mwenye sauti inayojaza chumba. Asubuhi moja gari lilimgonga na kumvunja mguu wa kushoto sehemu mbili. Nilikwenda kumwona nyumbani alipotoka hospitali. Mguu ulikuwa juu ya mito, na bado alimtuma binti yake Riziki aniletee chai ya tangawizi na mandazi. Nilikunywa vikombe viwili. Nikala mandazi manne. Nikamshika mkono na kumwambia, "Mama, jambo hili nitalimaliza mimi."

Vijana, sentensi hiyo msiiseme kamwe. Semeni "nitajaribu". Semeni "nitafuatilia". Mandazi yasiwatie ujasiri.

Barabara ile ilikuwa ya jimbo, kwa hiyo kaunti haikuwa na mamlaka nayo. Wataalamu waliotumwa kuipima wakaandika kwamba watu wanaovuka pale ni wachache mno kustahili taa. Niliposoma ripoti nikaona wamehesabu kati ya saa nne na saa sita mchana, wakati wahudumu wote wamo ndani wakiwalisha wazee. Basi mimi na Njeri tukachukua viti viwili vya plastiki, tukakaa kando ya barabara zamu zinapobadilishana, alfajiri na saa tisa alasiri, siku tano mfululizo. Dereva mmoja alisimama akatuuliza tunauza nini. Njeri akamwambia, "Sheria." Daftari langu lilijaa.

Mwaka wa kwanza baada ya ajali nilipeleka muswada kwamba kila kituo cha basi kinachotazamana na nyumba ya wazee au hospitali kwenye barabara ya jimbo kiwekewe taa ya kuvukia. Bi Odessa alikuwa ameshahamia kamati nyingine, na mwenyekiti mpya wa kamati ya barabara, bwana mmoja mkavu aliyewahi kuwa mhandisi, aliutia kwenye droo. Ndivyo miswada inavyokufa kwetu. Haipigiwi kura ya hapana, haiitwi tu. Mwaka wa pili ulipita kwetu ukafia Seneti, ukumbi wa pili wa bunge letu, siku mbili kabla ya kikao kufungwa, mtu mmoja alipotaka kwanza ufanyiwe utafiti.

Na hapa sina la kujitetea. Baada ya hapo niliacha kwenda kwa Mama Furaha. Nilijiambia nasubiri niwe na habari njema. Siku moja nilimwona kwa mbali kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, anatembelea fimbo, nikageukia rafu na kusoma mfuko wa unga wa sembe mbele na nyuma mpaka alipotoka. Unga ule naujua mpaka leo, na uhifadhiwe mahali pakavu.

Mwaka wa tatu nilipeleka muswada uleule. Asubuhi ya kusikilizwa kwake nilipitia orodha ya mashahidi na kuona jina.

"Njeri, umemwita nani huyu?"

"Nimemwita mwenye mguu," alijibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Wewe miaka miwili umewaletea karatasi, na si umeona zimekufikisha wapi?"

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, na mkalimani aliyekuwa aje alikwama njiani. Mama Furaha alifika. Aliingia kwa fimbo yake, Riziki nyuma yake amebeba makoti. Riziki alikuwa na miaka ishirini na minne, anasomea uuguzi, mmoja wa wale watoto wetu wanaoelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza. Mama Furaha alinisalimia, "Papa depite, ungali muzima?" Sikujua kama lilikuwa swali au lawama.

Shahidi hupewa dakika mbili. Mwenyekiti alitazama saa, akatazama kiti kitupu cha mkalimani, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimeketi mezani pamoja na mashahidi. "Mjumbe, lugha hii si ndiyo yako? Tutafsirie, tusonge mbele."

Mama Furaha akakivuta kipaza sauti kama mtu anayevuta sahani.

"Mie ninaitwa Furaha. Motokari ilinigonga pale Landover, nikakuwa na vyuma katika mguu. Huyu papa alikuya kwangu. Alikunywa chai yangu, vikombe mbili. Alikula mandazi, ine. Akasema, mama, hii mambo nitaimaliza mie. Tangu siku ile nimeona chai imekwisha, mandazi imekwisha, na yeye mwenyewe amekwisha. Barabara ndiyo haiyakwisha."

Akanigeukia, akangoja nitafsiri. Kamati nzima ilingoja. Ulimi wangu ukafanya kitu ambacho sikuuagiza.

"Shahidi anasema," nilisema kwa Kiingereza, "kwamba anaishukuru ofisi yangu kwa kumtembelea, na anasikitika kwamba mchakato umekuwa mrefu."

Riziki akasimama pale nyuma, makoti bado mikononi. "Mama hakusema hivyo," alisema kwa Kiingereza safi. "Hata nusu yake hakusema hivyo."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mjumbe, umetafsiri au umehariri?"

Nimepiga kura maelfu ya mara katika maisha yangu. Hakuna hata moja iliyokuwa nzito kama sekunde zile tatu. Nikamtazama Mama Furaha, naye hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wake aliyevunja kikombe, akisubiri kuona kama atakiri.

"Nimehariri, mwenyekiti," nikasema. "Naomba nirudie." Nikatafsiri yote, vikombe viwili, mandazi manne, chai imekwisha na mimi nimekwisha. Nikaongeza, "Hili la mwisho si lake, ni langu: kila alichosema ni kweli, na aliposema nimekwisha amenihurumia, kwa sababu hajui kwamba nilimficha uso dukani."

Kulikuwa na kicheko. Kilianzia kona ya kushoto kikaenea meza nzima. Taa nyekundu ya dakika mbili ilikuwa imeshawaka na hakuna aliyeijali. Kisha mwenyekiti, ambaye hakucheka, akaegemea mbele. "Muulize anavukaje sasa, na fimbo hiyo."

Nikamuuliza.

"Ninasimama," alisema Mama Furaha, na safari hii sauti yake ilishuka. "Ninangojea mutu mwenye haraka kunipita. Akitoka, ninatoka nyuma yake. Ninamwambia Mungu, kama watagonga mumoja, basi isikuwe mie. Kisha ninaona haya, sababu yeye naye ana watoto."

Nilitafsiri hivyohivyo. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akaandika kitu, akasema "asante, mama," na wiki hiyohiyo akauita muswada upigiwe kura.

Haukutoka mzima. Seneti waliupunguza: badala ya vituo vyote vya jimbo, vitatu vya majaribio, kimojawapo cha kwetu. Nilikasirika kiasi cha kutaka kuuondoa. Bi Odessa akaja ofisini kwangu, akafunga mlango.

"Unataka kuwa na haki au unataka taa?"

"Vyote viwili."

"Basi wewe bado uko kwenye kile kiti changu. Chukua taa. Mwakani urudi kuombea nyingine, na mwaka unaofuata urudi tena. Kwa nini unadhani mimi nimekaa hapa muda wote huu? Chakula chao?"

Nikaichukua. Ilichukua miaka miwili mingine mpaka nguzo zisimamishwe. Siku ya kuwasha, niliandaa hotuba ya kurasa tatu. Mama Furaha alibonyeza kitufe, tukangoja, magari ya njia sita yakasimama, kila moja kwenye mstari wake. Nikafungua karatasi. Yeye akashuka barabarani na fimbo yake.

"Mama, hotuba," nilimwita.

"Taa imeruhusu," alijibu bila kugeuka. "Wewe soma, nitakusikia ng'ambo."

Hakusikia chochote, maana nilikunja karatasi nikamfuata. Tangu siku hiyo nilirudi kwake kunywa chai. Miaka iliyofuata tulipata vituo vingine, si vyote. Mwenyekiti yule mkavu alinisaidia kila mwaka, na kila mwaka alianza kwa kuniuliza kama nimekuja kutafsiri au kuhariri.

Bi Odessa alifariki mwaka mmoja kabla sijastaafu. Kwenye mazishi nilikwenda mapema nipate kiti cha mbele pamoja na viongozi, nikakuta safu ya kwanza imejaa. Walikuwa walinzi wa milango, wapiga deki, na mama wa chumba cha kuchapia, wote wamevaa nguo zao nzuri kabisa. Mjane wa mlinzi mmoja ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Spika alikaa safu ya nne, mimi ya saba, na hakuna aliyelalamika.

Mmeniuliza kwa nini niliondoka ilhali wapiga kura walikuwa bado wananitaka. Msimu wangu wa mwisho mjumbe mpya, binti wa Arusha aliyekulia Rockville, alikuja na wazo lake la muswada. Kabla hajamaliza sentensi nilijisikia nikisema, "Hiyo haiwezekani." Sikuwa nimelisikia wazo lenyewe. Nilimwomba radhi, nikamwambia aanze upya, na usiku ule nikamwambia mke wangu Neema kwamba sitagombea tena. Akasema, "Hatimaye utarekebisha mlango wa gari."

Nilirekebisha. Kisha nikawa raia wa kawaida. Miezi miwili baadaye ukingo wa barabara ya jimbo mbele ya kanisa letu ulibomoka na mvua, shimo likawa linameza magurudumu. Nikapiga simu ofisi yangu ya zamani. Akapokea kijana mwenye sauti ya haraka, ambaye hakunijua kabisa. Aliniomba nitaje jina herufi kwa herufi. Akauliza kama nimewahi kuwasiliana na ofisi hiyo. "Mara chache," nikasema. Akachukua maelezo, akanisomea alichoandika, hakikuwa kibaya, akasema atanipigia Alhamisi saa tatu asubuhi.

Nikaweka simu chini, nikamwambia Neema, "Hatapiga. Nawajua watu wa ofisi hizi."

Alhamisi saa tatu kamili simu ililia. Nilikuwa nimekaa kando yake tangu saa moja.